Jiko la Mama wa Kifaransa Katika Nchi za Watu

Yatajwapo mapishi ya Ufaransa, aghalabu fikira za msikilizaji hukimbilia hoteli kubwa za Paris, wapishi wenye kofia nyeupe ndefu, na sahani pana zenye chakula haba kilichopambwa kama bibi harusi. Na fikira hizo si za uongo, kwa kuwa sifa hiyo Wafaransa wameipata kwa haki. Lakini Mfaransa aliyehamia London, Montréal au New York, akakaa huko hata mvi zikamtoka, akishikwa na homa siku ya baridi na moyo wake ukarudi kwao, hatamani hata kimoja katika vyakula vile. Hutamani nyama ya mifupa iliyotokota tangu asubuhi, viazi vilivyopondwa na mama yake, mkate wa jana uliochovywa katika mayai na maziwa ukakaangwa kwa siagi, au keki aliyofundishwa kuipika kabla hajajua kusoma. Hivi ni vyakula vya watu wa kawaida, na vingi katika hivyo vilizaliwa na dhiki. Nami naamini kwa dhati kwamba roho ya mapishi ya taifa lile imo ndani ya vyakula hivi kuliko ndani ya vyote viuzwavyo kwa bei ghali.

Chukua pot-au-feu, chakula ambacho kila jimbo lina namna yake ya kukipika, ilhali msingi wake ni mmoja. Mpishi hutwaa sehemu za ng'ombe ambazo tajiri hakuzitaka, yaani nyama ya muundi, mbavu, mkia na mifupa yenye uboho, akazitia katika sufuria kubwa ya maji baridi na kuiinjika juu ya moto mdogo. Maji yakipata moto, povu la kijivu hupanda juu, nalo huondolewa kwa upawa tena na tena mpaka mchuzi usafike. Ndipo zitiwapo karoti, tanipu, liki, kichopa cha majani ya harufu nzuri kilichofungwa kwa uzi, na kitunguu kizima kilichochomekwa karafuu mbili tatu. Baada ya hapo kazi ni kungoja. Kwa muda wa saa tatu au nne sufuria hairuhusiwi kuchemka kwa kishindo, maana moto mkali huikausha nyama na kuuchafua mchuzi, bali hutokota polepole huku nyumba nzima ikijaa harufu yake. Mezani mchuzi hunywewa kwanza, pamoja na vipande vya mkate vilivyobanikwa. Nyama na mboga hufuata, zikisindikizwa na haradali kali, chumvi ya mawe na matango madogo ya achari. Na uboho hutolewa mifupani ungali moto, ukapakwa juu ya mkate, na hapo ndipo watoto wanapogombana.

Katika karafuu zile msomaji wa Pwani ana haki ya kutua kidogo. Mnamo mwaka 1770, wakati Waholanzi walipokuwa wameihodhi biashara ya karafuu wasitake mche hata mmoja utoke katika visiwa vya Moluku, Mfaransa aitwaye Pierre Poivre, aliyekuwa msimamizi wa kisiwa ambacho leo tunakiita Mauritius, alifaulu kuiingiza miche hiyo huko kwa siri. Ikapandwa, ikaenea hata Réunion, na kutoka visiwa hivyo mkarafuu ukavuka bahari ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Nasaba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, basi, imepita katika mikono ile ile iliyozoea kuchomeka karafuu katika kitunguu cha mchuzi.

Nyama ya pot-au-feu ikibaki haitupwi. Kesho yake huchambuliwa, ikakatwakatwa pamoja na kitunguu, ikatandazwa katika bakuli na kufunikwa kwa viazi vilivyopondwa kwa maziwa na siagi, kisha ikatiwa katika tanuri mpaka juu yake pakawa na rangi ya dhahabu. Chakula hicho, hachis parmentier, kimelisha watoto wa shule wa Ufaransa vizazi kwa vizazi, na jina lake linamkumbusha Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia wa jeshi aliyetekwa na Waprusia katika Vita vya Miaka Saba, vilivyomalizika mwaka 1763. Huko kifungoni alilishwa viazi, chakula ambacho wakati ule Wafaransa wengi walikidhania kuwa cha nguruwe, na wengine wakakishuku kuwa kinaleta maradhi. Lakini yeye alikila akaona kimemhifadhi uhai, na aliporejea kwao akatumia miaka mingi kuwashawishi wafalme na raia wakikubali. Jambo hili linanigusa sana, kwamba chakula ambacho Mfaransa wa leo akikilia ughaibuni humkumbusha kwao kilikubalika kwao kwa juhudi za mtu aliyekijua akiwa mateka katika nchi ya watu.

Kwa nini ladha za utotoni zikae muda mrefu hivyo, hata baada ya majina ya walimu na nyuso za majirani kusahauliwa? Wataalamu wa ubongo hueleza kuwa harufu, tofauti na sauti na vitu tuvionavyo kwa macho, hupita njia fupi mno kuzifikia sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na kuamsha furaha na huzuni. Mwandishi Marcel Proust alikwisha kulionyesha hilo katika riwaya aliyoitoa mwaka 1913, ambamo kipande cha keki ndogo kilicholoweshwa katika chai kinamrudishia msimulizi mji mzima wa utoto wake; na athari ya kitabu hicho ilikuwa kubwa hata mji wa Illiers, alikokuwa akienda likizo alipokuwa mdogo, mwaka 1971 ukajiongezea rasmi jina la mji ule wa riwaya, ukawa Illiers-Combray.

Walakini harufu peke yake haitoshi kueleza yote. Mtoto hukumbuka chakula pamoja na saa yake na ada yake. Saa kumi za jioni, atokapo shule, hupewa mkate wenye siagi na kipande cha chokoleti. Tarehe 2 Februari hupikwa chapati nyembamba za maji ziitwazo crêpes, na anayeirusha chapati hewani ili igeuke hushika sarafu katika mkono wa pili, apate riziki mwaka mzima. Katika sikukuu ya mwanzo wa Januari hukatwa mkate mtamu wa siagi na lozi ambao ndani yake pamefichwa kijisanamu kidogo cha kaure, au punje ya baakuli kama ilivyokuwa zamani. Na ili pasiwe na hila, mtoto aliye mdogo kuliko wote huingia chini ya meza, na kila kipande kinapoguswa kwa kisu yeye hutaja jina la atakayekipata. Apataye kijisanamu huvikwa taji la karatasi. Shirika la UNESCO lilipoiweka karamu ya Wafaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2010, halikuandika chakula fulani wala fulani, bali desturi ya kukusanyika, mpango wa vyakula na adabu ya meza. Na hapo, kwa maoni yangu, liliona sawasawa.

Ugenini taabu huanzia dukani. Siagi ya Ufaransa kwa kawaida huwa na asilimia 82 ya mafuta, na ya Marekani hutakiwa asilimia 80 tu, tofauti ambayo mlaji haioni lakini kinyunya cha mwokaji huitambua mara moja. Malai mazito yaliyochachushwa, ambayo nyumbani Ufaransa hayakosekani, katika nchi nyingi hayapatikani kwa urahisi, hivyo watu huyatengeneza wenyewe kwa kutia kijiko cha maziwa ya mgando katika malai mabichi na kuyaacha mahali penye joto usiku kucha. Hata keki ya yogati, iliyo nyepesi kuliko zote, huleta mashaka. Kwao haipimwi kwa mizani: humwagwa yogati ya kikopo kimoja cha gramu 125 katika bakuli, kisha kikopo chenyewe kikawa kipimo, sukari vikopo viwili, unga vitatu, mafuta nusu, mayai matatu na baking poda, na ndiyo sababu watoto wa shule za awali hufundishwa keki hii, wakajifunza kuhesabu na kupika kwa pamoja. Lakini ukinunua yogati Marekani ukakuta kikopo ni cha gramu 170, sukari na unga na mafuta huongezeka pamoja nacho ilhali mayai yanabaki matatu, na keki ikatoka kavu. Inapasa kuongezwa yai la nne, jambo ambalo mtu aliyeipika tangu utotoni kwa kuzoea mkono hana sababu ya kulifikiri mpaka ladha imkane. Kwa mtu wa namna hiyo kitabu kama Je sais cuisiner cha Ginette Mathiot, mwalimu wa mapishi aliyekitoa mwaka 1932, huwa na faida kubwa, maana kiliandikwa kwa ajili ya jiko la nyumba na kinaeleza wazi yale ambayo mama hakuona haja ya kuyasema.

Sijui mfano uliotimia wa mambo haya kuliko maisha ya Jacques Pépin. Alizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Bourg-en-Bresse, na utoto wake ulikumbwa na Vita Kuu ya Pili. Baba yake alijiunga na waliompinga Mjerumani kwa siri, na mama yake, Jeannette, akabaki na wana watatu wa kuwalisha, akipanda baiskeli kwenda mashambani kutafuta chochote kiwezacho kuliwa. Baada ya vita mama huyo alifungua mkahawa, na baadaye mwingine huko Lyon ulioitwa Le Pélican. Mwana naye, akiwa na umri wa miaka 13, akaingia uanagenzi wa upishi katika hoteli, akapanda daraja hata akafika Paris, akawapikia viongozi wa serikali, akiwemo Jenerali de Gaulle. Mwaka 1959 alihamia Marekani. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia katika duka kubwa la New York akakuta saladi ya namna moja tu, liki hakuna, na uyoga ni ule wa makopo. Alipotakiwa akapike katika Ikulu ya Rais Kennedy alikataa, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya mikahawa ya Howard Johnson's iliyowalisha wasafiri wa kawaida wa barabarani.

Katika vitabu na vipindi vya televisheni vya mtu huyu kuna chakula kimoja kinachojirudia, nacho ni mayai ya Jeannette. Mayai huchemshwa yakawa magumu, yakamenywa na kupasuliwa kwa urefu. Viini hupondwa kwa uma pamoja na kitunguu saumu, majani mabichi yaliyo jamaa ya kotmiri, maziwa kidogo, chumvi na pilipili manga, kisha hurudishwa mahali pake na kusawazishwa kwa kisu, kiasi kidogo kikiachwa kando. Mayai hulazwa kifudifudi katika kikaango chenye mafuta, upande uliojazwa ukielekea moto, mpaka ufanye gamba la rangi ya dhahabu. Na kile kilichoachwa kando hukorogwa na haradali, siki na mafuta, kikawa mchuzi mzito, mayai yakaliwa vuguvugu pamoja nao. Hakuna humo kitu kisichopatikana katika duka la mtaa wowote wa dunia. Mama aliyekibuni hakuwa na nyama, akawafanyia wanawe mayai yenye heshima ya nyama, na kwa ajili hiyo hiyo chakula chake kiliweza kuvuka bahari bila kupungukiwa na kitu, hali vyakula vya kifalme alivyojifunza mwanawe Paris vilingoja miaka mingi hata maduka ya Marekani yalipoanza kuuza vilivyohitajika.

Mwaka 2017 Pépin, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 80, alitoa kitabu cha masomo ya jikoni alichokiandaa na mjukuu wake wa kike, binti wa binti yake, aliyekulia Marekani. Humo hamfundishi ufundi wa hoteli alizozitumikia. Anamfundisha kuandaa meza, na vyakula vya nyumbani ambavyo mtoto aweza kuvipika kwa mikono yake mwenyewe.