Kabla ya 'kupiga windows', okoa picha za mtoto

Feni inaunguruma, kitako cha kompyuta kinachoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na kila folda inayobofywa inachukua muda kufunguka. Mzazi wa Kahama, Geita au Katoro akichoka, huipeleka kwa fundi. Fundi mwenye haraka naye ana dawa moja: 'kupiga windows' upya. Kompyuta inarudi ikiwa nyepesi, lakini picha za mtoto tangu azaliwe, nakala ya cheti cha kuzaliwa na fomu za shule huenda visirudi.

Hasara hiyo inauma zaidi kwa familia za ukanda wa migodi. Baba anaweza kuwa zamu Bulyanhulu, mama yuko Shinyanga mjini na bibi yuko kijijini. Video ya mtoto akipiga hatua ya kwanza hutumwa kwa simu; simu ikijaa, huhamishiwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Hiyo ndiyo albamu ya familia, na pengine nakala ni hiyo moja tu.

Jambo la kumtuliza mzazi ni kwamba joto hilo si lazima liwe dalili ya kompyuta iliyokufa. Linaweza kuletwa na programu ya kufungulia mafolda, ambayo kwenye Windows huitwa File Explorer, ikiwa imenasa kwenye faili moja tu.

Kwa nini inachemka

Ukifungua folda ya picha, programu hii hutengeneza kijipicha cha kila faili ili uone kilichomo. Kwa picha ya kawaida kazi ni ndogo. Kwa video, inabidi iifungue, itafute sehemu ya kuonyesha, kisha iipunguze. Folda yenye video na picha 2,000 kutoka kwenye simu ni mzigo mkubwa kwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Kazi ikiisha, vijipicha huhifadhiwa, na siku nyingine folda hiyo hufunguka upesi. Kwa hiyo joto la dakika chache unapofungua folda kubwa kwa mara ya kwanza ni la kawaida.

Tatizo ni pale isipotulia. Video inaweza kuwa imeharibika kwa sababu umeme ulikatika ikinakiliwa, au flashi ilichomolewa mapema. Programu hujaribu kuisoma, hushindwa, hujaribu tena. Wakati mwingine chanzo ni programu nyingine iliyojipachika kwenye menyu ya mafolda, kama ile ya kubana mafaili, au ni virusi.

Si kila homa ni malaria

Kama ilivyo kwa mtoto mwenye homa, kipimo kitangulie dawa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Bofya neno CPU ili programu inayotumia nguvu nyingi ije juu, kisha subiri dakika 10 bila kugusa kitu.

Kama Windows Explorer, jina la programu hiyo kwenye Task Manager, inabaki juu wakati hakuna folda iliyofunguliwa, imenasa. Usidanganywe na namba ndogo: kwenye prosesa yenye viini 4, kazi moja iliyonasa inaweza kuonekana kama asilimia 25 tu, kumbe kiini kimoja hakipumziki kabisa.

Kama namba zote ziko chini lakini kompyuta bado inachoma, angalia vumbi. Kiangazi cha Shinyanga huziba matundu ya hewa, na kuiweka kompyuta juu ya godoro huyaziba zaidi. Hapo kinachotakiwa ni kusafishwa.

Hatua kwa hatua

1. Okoa kwanza. Nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje, folda moja baada ya nyingine. Unakili ukikwama kwenye faili moja, andika jina lake, iruke, endelea. Huenda umeshampata mhusika.

2. Kwenye Task Manager, bofya Windows Explorer kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague 'Restart'. Skrini itapepesa kidogo. Mafaili yako hayafutiki.

3. Joto likirudi, zima vijipicha. Fungua 'Folder Options', nenda 'View', weka alama kwenye 'Always show icons, never thumbnails'. Kompyuta ikitulia, chanzo kimo ndani ya folda.

4. Mtafute kwa kugawa. Rudisha vijipicha, hamishia nusu ya mafaili kwenye folda nyingine, uone ni nusu ipi inayochemsha. Igawe tena hiyo. Hata mafaili yakiwa 2,000, migawanyo 11 inatosha kukufikisha kwenye faili moja. Liweke kando, usilifute. Huenda programu nyingine ya video ikalifungua.

5. Kama kuzima vijipicha hakukusaidia, ondoa programu iliyoongezwa siku tatizo lilipoanza, kisha fanya ukaguzi kamili wa virusi. Wapo wachimbaji hata humu: programu za siri zinazotumia prosesa ya mtu mwingine kuchimba sarafu za kidijitali. Baadhi hunyamaza Task Manager inapofunguliwa, hivyo feni inayotulia ghafla kila ukilifungua dirisha hilo ni ya kutiliwa shaka. Flashi iliyozungushwa steshenari ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Isikae mapajani kwa mtoto

Wakati chanzo kikitafutwa, kompyuta ikae mezani. Mwaka 2010 jarida la tiba la Pediatrics lilichapisha taarifa ya madaktari wa Uswisi kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyepata mabaka kwenye paja la kushoto. Kwa miezi kadhaa alikuwa akicheza gemu kila siku, kompyuta ikiwa mapajani. Joto hilo halikuwa la kumuunguza papo hapo. Mtoto mwenye mabaka ya rangi ya kahawia yenye umbo la wavu mapajani aonwe na daktari, na daktari aambiwe kuhusu kompyuta.

Ukifika kwa fundi

Zipo kompyuta zitakazohitaji fundi hata baada ya hatua hizi. Mweleze ulichokiona: ni programu gani iliyokuwa juu, kwa asilimia ngapi, na kama kuzima vijipicha kulisaidia. Mwambie asifute chochote kabla ya kukuuliza. Kisha mwachie kompyuta peke yake. Diski yenye nakala za picha rudi nayo nyumbani.