Malango Madogo Katika Utumbo wa Ndama

Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi huangalia sana mambo ya nje: kupe, kwato, kiwele na manyoya. Hayo ni mema. Lakini uko mlango mwingine wa maradhi usioonekana kwa macho, nao umo ndani ya utumbo wa ndama. Mwezi huu twaeleza mlango huo ni kitu gani, na kwa nini ndama aliyelala juu ya mavi siku zake za kwanza aweza kumtia mwenyewe hasara miaka kadhaa baadaye.

UTUMBO NI UKUTA

Utumbo una kazi mbili. Kwanza, hupitisha chakula kilichoyeyushwa kiingie katika damu. Pili, huzuia vijidudu visiingie pamoja nacho. Ndani umefunikwa na tabaka moja tu la chembe hai, ziitwazo seli, zilizoshikana kama matofali. Nyingi zina vinyweleo vidogo mno vya kufyonza chakula, tena zimefunikwa na ute unaonasa vijidudu.

Chini ya tabaka hilo, mahali mahali, yako makundi ya chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Makundi hayo huitwa mabaka ya Peyer, kwa jina la tabibu Mswisi, Johann Conrad Peyer, aliyeyaeleza mwaka 1677. Ukichinja mbuzi mchanga, pasua utumbo mwembamba kwa urefu, uoshe, kisha uutazame. Utaona sehemu zilizo nene kuliko nyingine. Hayo ndiyo mabaka yenyewe. Kwa ndama, baka la mwisho, karibu na mwanzo wa utumbo mpana, ni refu sana, hata kufikia kama mita 2. Mnyama akisha kukomaa, baka hilo hunywea.

MLANGO WENYEWE

Juu ya mabaka hayo tabaka la seli si kama kwingine. Ute ni mchache, na baadhi ya seli hazina vile vinyweleo vilivyopangika vizuri. Seli hizo huitwa seli za M. Mwaka 1974 Robert Owen na Albert Jones wa Marekani walizieleza katika utumbo wa binadamu, wakitumia darubini ya elektroni. Kazi yake si kufyonza chakula. Seli ya M hunasa vitu vidogo vinavyopita, hata vijidudu, huvivusha upande wa pili, na kuwakabidhi askari wanaongoja nyuma yake.

Je, kwa nini mwili umfungulie adui mlango? Mfikirie mlinzi wa boma. Akimfukuza kila mtu gizani bila kumtazama, hatajua ni nani anayenyemelea. Mwili nao hutaka kumtambua adui mapema, akiwa bado mchache, upate kutengeneza silaha za kumpinga. Chanjo inayomezwa, kama matone ya polio wanayopewa watoto, hutegemea askari hao hao wa utumbo.

MWIZI AIJUAYE NJIA

Taabu ni kwamba viko vijidudu vinavyoutumia mlango huo kwa hila. Kimoja ni kile cha ugonjwa wa Johne, kilichoelezwa Ujerumani mwaka 1895. Wachunguzi waliokitia katika utumbo wa ndama, na kutangaza habari zao mwaka 1988, walikikuta chini ya tabaka lile la juu ya mabaka baada ya saa chache tu. Askari hukimeza, lakini hawawezi kukiua. Nacho huishi na kuzaana ndani yao.

Ndama haonyeshi dalili yoyote. Miaka 2 hadi 5 baadaye, au zaidi, wakati mkulima anapotazamia maziwa, ng'ombe huanza kuharisha na kukonda ingawa anakula vizuri. Hakuna dawa ya kumponya. Mavi yake yana vijidudu vingi mno, vinavyoweza kuishi kivulini muda wa miezi mingi.

YAFAAYO KUFANYWA

1. Ng'ombe azalie mahali pakavu, pasipo mavi. Osha kiwele na chuchu kabla ndama hajanyonya.

2. Ndama apewe dang'a ndani ya saa 6 za kwanza. Mwenye uzito wa kilo 35 apate lita 3 hadi 4. Kinga iliyomo hupita katika seli za kawaida za utumbo, nazo huifunga njia hiyo baada ya saa 24 hivi. Ukichelewa, umekosa.

3. Ndama akae mbali na ng'ombe wakubwa. Mavi yao yasiingie katika maji wala majani yake, na samadi mbichi isitiwe penye malisho yake.

4. Ng'ombe mkubwa anayeharisha na kukonda atengwe. Usiwape ndama maziwa yake. Mwite Afisa wa Mifugo apime, kwa maana minyoo na maradhi mengine huleta dalili kama hizo.

5. Ukinunua ng'ombe, uliza kama katika kundi lake wamo waliokonda kwa kuharisha.

Mlango wa utumbo hatuwezi kuufunga, wala haifai, maana ndama anauhitaji ili ajenge kinga yake. Tunaloweza ni kuangalia kinachofika mlangoni. Kazi hiyo yataka ufagio, maji safi na nyasi kavu, vitu ambavyo mkulima anavyo kwake.