Padri na Mlei: Tofauti na Uhusiano Wao katika Kanisa Katoliki

Ukiulizwa ueleze uhusiano wa mapadri na walei, usiishie kuandika kwamba mlei ni msaidizi wa padri. Hilo ni nusu ya jibu. Mlei ni mbatizwa ambaye hajapewa Daraja Takatifu wala si mtawa. Padri amepewa Daraja hilo na askofu.

Msingi wa uhusiano
Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa (1964), ulifundisha kuwa wabatizwa wote hushiriki ukuhani wa Kristo kwa namna mbili. Ukuhani wa waamini wote hutokana na ubatizo. Ukuhani wa daraja hutokana na Sakramenti ya Daraja, na upo ili kuwahudumia waamini. Kwa hiyo utume wa mlei hautokani na padri, bali na ubatizo wake.

Mgawanyo wa kazi
(a) Padri huadhimisha Misa, huondolea dhambi katika Kitubio na huwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Mlei hawezi kufanya haya.
(b) Mlei hufundisha dini, huongoza sala za jumuiya, na padri asipokuwapo huongoza ibada ya Jumapili kigangoni. Huishi imani yake nyumbani, shambani na kazini.
(c) Katika ndoa, bwana na bibi arusi ndio wanaopeana sakramenti. Padri hupokea ahadi zao kwa niaba ya Kanisa.

Mfano: Karema, mkoani Katavi
Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Baadaye alikuja Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, kisha akasomea uganga huko Malta. Alihudumu Karema akiwa daktari na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padri: alioa, na mwanawe Joseph ndiye aliyepata upadri. Baba hakuweza kuadhimisha Misa, lakini alitibu na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60. Tumia mfano huu kuonyesha kwamba utume wa mlei ni kamili katika nafasi yake.

Jipime
Mgonjwa mahututi kijijini hajabatizwa na anaomba ubatizo. Padri yuko mbali. Katekista afanye nini? Je, kama mgonjwa amekwisha kubatizwa na anataka kuungama?

Mwongozo: Katika hatari ya kifo katekista anaweza kubatiza kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hawezi kuungamisha. Amsaidie mgonjwa kusali sala ya kutubu, na atume mtu haraka kumwita padri. Ukieleza sababu ya majibu hayo mawili kutofautiana, umeielewa mada.