Gemu Halijakamilika: Ulipe Sasa au Usubiri?

Usiogope, leo sikuletei mahubiri ya kukukataza kucheza gemu. Leo tuzungumzie mfuko wako, na jinsi ya kuamua bila kujuta.

Januari mwaka huu mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza anaingia kidato cha tatu, alinijia asubuhi na mapema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, sema shida yako," nilimwambia, maana shikamoo ya sauti ya chini namna ile huwa haiji peke yake.

Mkononi alikuwa na shilingi 70,000. Alizipata kwa kumsaidia mjomba dukani likizo nzima. Alitaka nimlipie kwa kadi ya kwenye simu yangu shilingi 65,000, anunue gemu la mtandaoni ambalo bado linatengenezwa. "Dada, sasa hivi ni bei rahisi, likikamilika itapanda. Washkaji wote wameshaingia, nimebaki mimi tu."

Nikamwangalia miguuni. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimeachama mbele kama mdomo wa samaki. Hela ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya viatu.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia akae, tulichambue pamoja. Haya ndiyo tuliyoyazungumza, na huenda yakakusaidia na wewe.

GEMU LISILOKAMILIKA NI LIPI?

Gemu huchukua miaka kutengenezwa. Toleo la mwanzo, lenye mapengo na makosa mengi, huitwa alfa. Likisogea mbele likawa linajaribiwa na watu wengi, huitwa beta. Mwisho ndipo hutoka toleo kamili. Zamani ulikuwa unauziwa toleo kamili tu. Siku hizi watengenezaji wengi huuza mapema. Steam, ambalo ni duka kubwa la magemu ya kompyuta, lilianzisha utaratibu huo rasmi Machi 2013.

Kwa nini wanauza mapema? Sababu ya kwanza ni fedha: wafanyakazi wanataka mishahara kabla gemu halijaisha. Ya pili ni majaribio: wachezaji wakiwa wengi, makosa huonekana haraka. Kwa hiyo, rafiki, kuuza mapema siyo wizi. Lakini elewa kwamba ukilipa unakuwa mteja, mfadhili na mjaribuji, vyote kwa pamoja.

Sasa mfikirie fundi cherehani. Unapompelekea kitambaa cha nguo ya sikukuu, unampa hela yote? Thubutu! Unampa advansi, nyingine unaimalizia siku ya kuchukua nguo. Ile hela iliyobaki ndiyo inayomfanya fundi akukumbuke. Kwenye gemu hakuna advansi. Unatoa yote leo, na kesho huna cha kumshikia fundi.

WALIOPATA, WANAONGOJA NA WALIOKOSA

Tuangalie mifano mitatu ya kweli.

Wa kwanza ni Minecraft. Markus Persson wa Sweden alianza kuliuza mwaka 2009 likiwa changa kabisa, kwa karibu nusu ya bei ya baadaye. Toleo kamili lilitoka 18 Novemba 2011. Waliolipa mapema walipata gemu zima kwa bei poa. Lakini angalia jambo moja: hata lile toleo changa lilikuwa linachezeka, na watu walilifurahia siku ileile waliyolipa.

Wa pili ni Star Citizen. Chris Roberts wa Marekani alianza kuchangisha fedha zake Oktoba 2012, akatarajia kulitoa mwaka 2014. Mwaka 2014 ukapita. Ilipofika mwaka 2024, wachezaji walikuwa wameshachangia zaidi ya dola milioni 700, na bado lilikuwa kwenye alfa. Wapo wanaolicheza hivyohivyo na kulifurahia. Ila mwanafunzi aliyelipa akiwa kidato cha kwanza akitegemea toleo kamili, alimaliza shule kabla ya kuliona.

Wa tatu ni The Day Before. Hili lilikuwa gemu la mtandaoni lililongojwa na watu wengi mno. Lilianza kuuzwa 7 Desemba 2023 likiwa halijakamilika, kwa karibu dola 40. Siku nne tu baadaye, 11 Desemba, kampuni iliyolitengeneza, Fntastic, ikatangaza kwamba inafunga. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao, lakini gemu lenyewe lilikufa: seva zake zilizimwa 22 Januari 2024.

Umesikia hilo neno seva? Gemu la mtandaoni haliishi kwenye kompyuta yako peke yake. Linategemea kompyuta kubwa za kampuni, ambazo ndizo seva. Zikizimwa, hata kama ulilipa, hata kama gemu bado limejaa kwenye mashine yako, umebaki na picha tu. Hata magemu yaliyokamilika hupatwa na hilo. The Crew la kampuni ya Ubisoft lilitoka Desemba 2014, seva zikazimwa 31 Machi 2024.

KICHWANI KWAKO KUNATOKEA NINI?

Hapa ndipo mambo ya afya yanapoingia. Uamuzi wa kulipa mara nyingi haufanywi na akili iliyotulia. Unasukumwa na vitu vitatu.

Kwanza, hofu ya kuachwa. "Washkaji wote wameingia." Je, umewahesabu? Nilimuuliza mdogo wangu awataje kwa majina. Wakatoka wawili.

Pili, haraka. Tangazo linasema bei itapanda, kwa hiyo unahisi usipolipa leo umeliwa. Lakini kupunguziwa bei ya kitu ambacho baadaye hutakitumia siyo faida, ni hasara iliyopambwa.

Tatu, ile hali ya kusema "nimeshalipa, siwezi kuacha". Mtu analipa, gemu linamchosha, lakini anaendelea kucheza na kuongeza hela ili ile ya kwanza isipotee. Anakesha na bando la usiku, asubuhi anasinzia darasani. Hela iliyokwenda imekwenda, rafiki. Usiifuate na usingizi wako.

Ongeza na siri. Kijana aliyetumia hela ya viatu au ya daftari huanza kudanganya nyumbani, na kila akiulizwa moyo unadunda. Raha ya gemu inageuka wasiwasi.

MASWALI MATANO KABLA YA KULIPA

1. Lilivyo leo linanitosha? Jiulize: kama watengenezaji wangeacha kazi kesho, ningeridhika na nilichonunua? Hata Steam lenyewe huwaonya wanunuzi kwamba magemu mengine hayatakamilika, na kwamba kama hulifurahii lilivyo sasa, ni bora usubiri.

2. Nimeliona likichezwa? Siyo tangazo la kampuni. Tafuta mchezaji wa kawaida anayelicheza, uone linavyokwama na linavyoanguka. Vinginevyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

3. Mashine na bando vitaliweza? Gemu linaloendelea kutengenezwa huletewa marekebisho mara kwa mara, na kila rekebisho linakula bando. Bei ya gemu siyo gharama yote.

4. Nikijuta, hela inarudi? Steam huwa linarudisha fedha kama utaomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Saa mbili! Kwa hiyo zile za kwanza zitumie kulikagua. Na kama umenunua namba za kufungulia gemu kwa mtu wa pembeni, Steam haitakurudishia kitu.

5. Hela hii ilikuwa na kazi gani? Na mwenye kadi au simu ninayotumia kulipia anajua? Kutumia simu ya mama bila ruhusa siyo ujanja, ni kujitafutia kesi.

Ukijibu yote vizuri, na hela ni ya ziada kweli, lipa ucheze kwa raha zako. Ukikwama hata kwenye moja, subiri. Kusubiri hakukunyimi kitu: gemu likiwa zuri litakuwepo, na likiwa bovu wengine watakuwa wameshakuambia.

MDOGO WANGU ALIAMUAJE?

Swali la kwanza ndilo lililomkamata. Alinyamaza, akakuna kichwa, akasema, "Dada, lilivyo sasa hivi lina ramani moja tu, na ile sehemu ninayoitaka mimi bado hawajaitengeneza." Nikamuuliza, "Kwa hiyo hiyo 65,000 unalipia nini?" Akacheka. "Nalipia ahadi."

Mchana alikwenda sokoni, akarudi na viatu vya shilingi 35,000. Iliyobaki aliniomba nimtunzie. Sikudanganyi kwamba alifurahi. Jioni, rafiki zake wawili walipokuwa wanasimuliana gemu barazani, alikaa pembeni kimya, na roho iliniuma kidogo. Lakini Jumatatu alikwenda shule miguu ikiwa imefunikwa.

Gemu lile bado halijakamilika. Analifuatilia, na kila mwezi ananipa taarifa kama mwenyekiti wa kampuni. Siku wakiitengeneza ile sehemu yake, anajua kadi yangu ilipo, na hela yake ipo.

Na wewe je? Wewe ndiye mwenye mfuko, wewe ndiye mwamuzi. Ila kumbuka: lipia kilichopo, usilipie kilichoahidiwa.

JADILINI KWENYE KLABU YENU

Je, umewahi kulipia kitu kabla hakijawa tayari, iwe nguo, simu au tiketi? Ulipata ulichoahidiwa? Na rafiki yako akikuambia "umebaki wewe tu", utamjibuje bila kumkosea?