Uchungu Mmoja, Vikombe Viwili

Jumamosi iliyopita rafiki yangu mmoja wa bara alinialika kwake, akaniwekea mezani gilasi ya bia nyeusi tititi, povu lake rangi ya hudhurungi. "Sheikh," akanitania, "hii ni kahawa tupu. Hebu onja."

Sikuonja. Chuo nilichosomea kilinikataza, na umri wangu umeshakubali. Lakini kunusa si kunywa: nikainama, nikanusa. Wallahi, nilisikia harufu ya buni zitokazo kaangoni!

Akanieleza siri yake. Shayiri hukaangwa mpaka ikawa nyeusi, kama tukaangavyo buni. Moto huo ndio uletao rangi na uchungu, hata pasipotiwa chembe ya kahawa. Ingawa wako watengenezaji waongezao kahawa yenyewe.

Nami nikampa yangu. Katika Kiarabu cha kale, neno qahwa lilikuwa pia jina la mvinyo. Na mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka, ikishukiwa kuwa yalevya. Marufuku hayo hayakudumu. Basi, msomaji mpenzi, kinywaji kituamshacho alfajiri kiliwahi kushitakiwa kwa kosa la jirani yake!

Jioni nikamchukua kwa muuza kahawa wa mtaani kwetu. Akamiminiwa kahawa tungu kutoka deleni, bila sukari. Akapiga funda, akafumba macho.

"Uchungu kwanza," akasema, "kisha utamu waja nyuma. Ndiyo ile ile yangu!"

Tukacheka. Kila mtu alishika kikombe chake, na urafiki haukumwagika.