UCHUMI WA BAHARI: Funzo la Gazi ni kuwapa wenyeji usemi

KILA unapotajwa uchumi wa bahari, fikra za wengi huelekea kwenye bandari na meli kubwa za uvuvi. Ni nadra mtu kuufikiria msitu wa mikoko. Ilhali msitu wa aina hiyo katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, unadhihirisha jinsi bahari inavyoweza kumfaa mwananchi wa kawaida.

Katika miaka ya 1970, mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Sehemu za ufuo zikabaki tupu, na mazalio ya samaki yakaathirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya serikali ya KMFRI walianza kupanda miche upya.

Mnamo 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo huhifadhiwa topeni. Msitu ukifyekwa, tope huiachilia. Wakazi hulinda hektari 117. Kaboni inayookolewa hukadiriwa, huthibitishwa, kisha huuzwa kwa tani kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa.

Mapato si makubwa, lakini yamesaidia kuleta maji safi vijijini na vifaa shuleni. Muhimu zaidi, wanavijiji wenyewe hushauriana na kuamua fedha zitumiwe vipi. Aidha, hupandwa mivinje ili watu wapate kuni na mbao pasipo kuingia mikokoni. Mwaka wa 2017 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta na shirika la UNDP.

Hata hivyo, mikoko nchini ni mali ya umma. Wakazi wa Gazi walipata nafasi hiyo kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu jamii kusimamia misitu kwa ushirikiano na serikali. Bila mkataba, wangebaki walinzi wasio na ujira.

Hilo ndilo swali linalopasa kuulizwa kuhusu kila bandari na kila leseni ya uvuvi: je, mwenyeji ana mkataba na usemi? Asipokuwa navyo, bahari itawatajirisha wachache, naye mvuvi atabaki ufuoni akitazama meli zikipita.