Mtoto Akiwa kwa Fundi, Nani Analipa na Nani Anampima?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaandika juu ya jambo ambalo wazazi wengi wanatuuliza njiani, kisimani na hata kwenye foleni ya kituo cha afya: mtoto aliyemaliza shule ya msingi, au aliyeishia Senior 2 kwa kukosa ada, akipelekwa kwa fundi kujifunza kazi, atatoka na nini?

Kwa Kiswahili cha vitabu kujifunza huko kunaitwa uanagenzi, na mtoto mwenyewe ni mwanagenzi. Sisi hapa tunasema tu, "yuko kwa fundi." Gereji za pikipiki, mafundi wa cherehani, saluni, seremala, wachomeleaji wa milango ya chuma, wote wana watoto wetu. Wazazi wengine wametoa pesa taslimu, wengine mahindi, na tunamjua baba mmoja aliyetoa mbuzi. Baada ya hapo mtoto anakaa mwaka, miaka miwili, wakati mwingine mitatu. Siku ya kumaliza inajulikana na bosi peke yake.

Mama mmoja alitujia na maneno haya: "Mwalimu, mutoto wangu iko kwa fundi miaka mbili. Nikimuuliza unajua nini, ananiambia najua kufungua taili na kununulia bosi chai." Tulicheka naye kidogo, lakini hiyo si kitu cha kucheka. Miaka miwili ya kijana haiwezi kurudishwa, na pesa aliyotoa yule mama ilikuwa pesa ya kuuza maharage yake yote ya msimu.

Kwa nini tunaandika sasa? Kwa sababu mambo mawili yamebadilika kwa wakati mmoja: mfuko wa kulipia na kipimo cha kazi.

Tuanze na mfuko. Kwa miaka mingi hapa Uganda vijana wengi wa makambi walijifunza ufundi kwa pesa ya mashirika. Shirika lililipa ada, lilimpa fundi kitu kidogo kwa kila kijana, na mwishoni likatoa sanduku la vifaa au cherehani. Upande wa wananchi nako kulikuwa na mifuko. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa mradi wa ujuzi wa Uganda, na sehemu yake ilipitia PSFU, ule mwavuli wa wafanyabiashara binafsi, ikawafikia waajiri wenye kufundisha, hata wale wa jua kali. Mwajiri hakupewa bure tu, alitakiwa kutia sehemu yake mwenyewe. Sisi tunaona hilo lilikuwa jambo zuri, maana mtu anayetia pesa yake anaangalia kama mtoto anajifunza kweli.

Mradi ule umekwisha. Halafu mwaka 2025 misaada kutoka nje ikakatwa kwa nguvu. Ninyi mnajua kuliko sisi: mwezi wa 5 mwaka huo PAM ilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi karibu milioni 1 katika Uganda. Chakula kikikatwa, masomo ya ufundi hayawezi kubaki kama yalivyokuwa. Basi mzigo wa kumlipa fundi umerudi kwa baba na mama, na mzazi anayelipa kutoka mfukoni mwake ana haki ya kuuliza ananunua nini.

Majirani wanafanya vipi? Kule Kenya kila mwajiri anadaiwa shilingi 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na pesa hiyo inakwenda kwa NITA, mamlaka ya mafunzo kazini. Tanzania wanakata asilimia ya mishahara. Zamani ilikuwa 6, ikashuka kidogo kidogo, na tangu mwezi wa 7 mwaka 2023 ni 3.5 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na zaidi. Kwetu Kongo wazee wanakumbuka INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964. Makampuni yanachangia asilimia 3, 2 au 1 ya mishahara, na kampuni ikiwa na watu wengi zaidi kiwango chake kinakuwa kidogo. Uganda kwa miaka mingi haikuwa na makato ya namna hiyo yenye kukusanywa, ingawa yalizungumzwa mara nyingi. Ndiyo maana hapa mafunzo yalitegemea sana miradi, na mradi una siku ya kuanza na siku ya kufa.

Sasa kipimo. Hapa kuna habari njema, na watu wengi hawaijui.

Idara ya serikali inayoitwa DIT ilianza mwaka 1972, na kazi yake ilikuwa mafunzo ya viwandani na kupima mafundi. Mwaka 2008 ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi, na kutoka hapo ukajengwa mpangilio wa kupima mtu kwa kile anachoweza kufanya, si kwa miaka aliyokaa darasani. Kila ufundi uliandikiwa orodha: fundi wa ngazi hii lazima aweze kufanya kazi hizi na hizi, kwa vifaa hivi, kwa usafi na usalama wa namna hii. Orodha zile zilitengenezwa pamoja na wenye kazi wenyewe, si maprofesa peke yao. Kazi zimegawanywa vipande vipande, na kijana anaweza kupimwa kipande kimoja leo na kingine mwaka ujao akipata pesa.

Kuna pia hati inayoitwa Worker's PAS. Hii ni ya mtu aliyejifunza kwa kufanya, aliye kazini tayari, hata kama hakusoma. Unafanya kazi mbele ya mpimaji naye anaangalia mikono yako. Hati inaandika kazi moja moja ulizoweza. Mzee aliyeshona miaka 20 Bukavu kabla ya kukimbia anaweza kuipata bila kurudi kukaa kwenye benchi na watoto. Na tunawaambia mafundi wetu wenye kufundisha: anzeni ninyi. Fundi ambaye mwenyewe amepimwa anajua mtoto atapimwa nini.

Mwaka 2025 Uganda ilipata sheria mpya ya mafunzo ya ufundi. Sheria hiyo imeleta baraza la kusimamia mafunzo hayo nchini, na bodi mpya ya mitihani inayoitwa UVTAB. Bodi hiyo imechukua kazi ya kupima iliyokuwa kwa DIT na kwa bodi ya UBTEB. Kwa mzazi maana yake ni moja: kijana akiambiwa atafanya mtihani wa ufundi, ulizeni kituo kimeandikishwa na UVTAB au hapana. Tunasikia bado watu wanatembea na makaratasi yenye mihuri mikubwa, wakiuza "setifiketi" ya wiki mbili. Muhuri mkubwa si kitu. Na wenye hati za zamani za DIT, zitunzeni vizuri kwenye plastiki, msizitupe eti kwa sababu jina la ofisi limebadilika.

Kuna jambo jingine katika sheria ambalo lilitushangaza hata sisi tulipoonyeshwa. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006, inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja pia mtu mwenye mkataba wa uanagenzi. Kumbe mtoto wako kwa fundi si mtumwa wala si mgeni, ni mtu anayejulikana na sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo huo 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Na tangu mwaka 2016 sheria ya watoto imeweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Kwa hiyo wale wa miaka 12 tunaowaona wameshika moto wa kuchomelea bila miwani, wazazi, tafadhali, warudisheni shuleni. Hilo hatutanyamaza.

Tuje kwenye kazi yenyewe: mapatano. Wengi wanapatana kwa mdomo, mbele ya jirani mmoja, na wanachopatana ni muda na pesa tu. "Nitakupa hii, utamkalisha mwaka na nusu." Sisi tunasema muda si kipimo. Mapatano yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari, na yaandikwe kwa kazi. Kwa mfano wa cherehani: atajua kupima mwili na kuandika vipimo, kukata kitambaa bila kuharibu, kushona sketi na shati la shule, kutia zipu, kusafisha na kutengeneza mashine ikikata uzi. Kila kazi mtoto anapoiweza, fundi anaitia alama na tarehe, na mzazi anaona kwa macho. Mwambie mtoto akushonee shati la mdogo wake. Likikaa vizuri begani, umejua.

Na pesa ifuate kazi. Msitoe yote siku ya kwanza. Gawanyeni mara tatu au nne: kidogo ya kuingia, nyingine akiweza kukata, nyingine akiweza kushona nguo nzima. Mafundi wengine watakasirika, tunajua. Mmoja alituambia waziwazi kwamba mtoto akijua haraka anaondoka na kumfungulia duka mbele ya mlango wake. Hoja yake si ya kijinga. Fundi anapoteza kitambaa mtoto akikata vibaya, anapoteza saa zake, na baada ya yote anapata mshindani. Basi patana naye hilo pia: mtoto akishaiweza kazi, abaki miezi kadhaa akimfanyia kazi kwa malipo madogo yanayojulikana, kabla ya kuondoka. Hapo fundi anapata faida yake na hana sababu ya kumficha mtoto ujuzi. Tumeona watoto wanaofichwa kazi ya mwisho, ile ya kufunga injini au kuchanganya dawa ya nywele. Bosi anawatuma dukani saa ile ile ya kuifanya.

Andikeni pia saa za kazi, siku ya kupumzika, na nani analipa mtoto akiumia au mashine ikivunjika. Vifaa vya kujikinga visisahaulike, miwani kwa mchomeleaji na glavu kwa msusi anayeshika dawa. Wasichana wanahitaji mstari mmoja zaidi: saa ya kurudi nyumbani kabla ya giza, na kwamba kazi ya kujifunza ni ya saluni, si ya kumlelea bosi watoto wake na kumpikia. Mama akipita pale mara moja kwa wiki bila kuaga, inasaidia kuliko karatasi.

Kuhusu kupimwa, tengeni pesa mapema. Ada ya mtihani si ndogo kwa familia zetu, na kuna usafiri, na wakati mwingine vifaa ambavyo mtahiniwa anajiletea mwenyewe. Ulizeni kituo jumla yote kabla ya kuandikisha mtoto, na muombe risiti. Halafu jina! Jina kwenye fomu liwe sawa herufi kwa herufi na lile la kitambulisho cha OPM. Tuna kijana hapa aliyeandikwa Byamungu kwenye kadi na Bihamungu kwenye hati. Kila mahali anapopeleka kazi anaulizwa yeye ni nani kati ya hao wawili.

Wengine wanatuuliza: hati ya Uganda itatusaidia nini tukirudi Kongo? Hati ya Uganda si brevet ya INPP, na kila nchi ina mlango wake. Lakini mwajiri popote anaelewa karatasi inayotaja kazi moja moja ambazo mtu amezifanya mbele ya mpimaji wa serikali, kuliko ile inayosema tu kwamba alihudhuria. Na hata bila kurudi, wajenzi na wenye gereji wa mijini hapa wanataka kitu cha kushika mkononi kabla ya kumpa mgeni ufunguo wa duka.

Kwa wale wanaotaka kuandika mapatano, tuko darasani kila Jumamosi baada ya saa nane mchana. Tuna mfano mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kiingereza, kwa sababu ofisi nyingine zitataka Kiingereza. Leteni kadi ya familia, kalamu, na jina la kazi ambayo mtoto anajifunza. Kama inawezekana njooni na fundi mwenyewe, maana tukiandika bila yeye atasema hakuelewa.